Nguzo Tatu Ambazo Sikuziona

Nilipokabidhi funguo za ofisi mwezi uliopita, Zainab, ambaye sasa ndiye msanifu mkuu wetu, aliniomba niwaandikie ninyi mnaobaki kurasa chache kuhusu kazi. Alitaka nieleze tulivyojenga zahanati, masoko, mabweni na majengo ya vyuo kutoka Malindi hadi Mtwapa. Nimejaribu. Kila nikianza na jengo najikuta naandika habari za woga. Basi nitaandika hivyo hivyo, na anayetaka orodha ya majengo ataipata kwenye kabati la mafaili, droo ya pili, ile inayokwama.

Niliajiriwa nikiwa na miaka ishirini na mitatu na cheti cha kuchora ramani nilichokuwa nimekitia ndani ya karatasi ya plastiki kisilowe jasho. Ofisi ilikuwa juu ya duka la vitambaa mjini Malindi: meza mbili za kuchorea, feni moja, na Bwana Athman. Yeye ndiye aliyekuwa msanifu majengo, mtu wa asili ya Lamu, mwembamba, mfuko wa shati umejaa madoa ya wino. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitika "Marahaba" bila kuinua kichwa, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula.

"Vizuri. Twende juu."

Juu alikosema kulikuwa kwenye bweni la shule lililokuwa limefika ghorofa ya tatu. Ngazi yenyewe miti iliyofungwa kwa kamba, na mimi nimevaa viatu vipya vya kanisani kwa sababu nilidhani siku ya kwanza watu hukaa kitini. Bwana Athman alitembea hadi ukingoni, mahali pasipo na kizuizi chochote, kama mtu anayetoka barazani kwake.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Siogopi, Bwana."

"Shuka. Kaa pale kwenye kokoto. Utakapoweza kuniambia kweli, panda tena."

Nikashuka. Nilikaa juu ya kokoto karibu saa nzima, mafundi wanapita na karai zao wakinitazama mimi na viatu vyangu. Nilipopanda tena nilishika mlingoti wa jukwaa kwa mikono miwili nikamwambia, "Naogopa. Miguu inanitetemeka."

"Unaogopa nini hasa?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikatazama huku na huku, nikaonyesha ubao mmoja wa jukwaa. "Ule. Naona kama haukufungwa."

Akausogelea, akaugusa kwa ncha ya kiatu, na ubao ukainuka upande wa pili. Mtu wa kwanza kuukanyaga angeshuka nao hadi chini. Akamwita fundi aufunge. Hakunisifu. Tulipokuwa tunashuka aliniambia tu, "Woga wako uuandike kitabuni kila siku. Unaogopa nini, wapi, saa ngapi."

Kitabu alichokisema kilikuwa cha saiti, chenye jalada gumu jeusi. Humo tuliandika hali ya hewa, mifuko ya saruji iliyofunguliwa, mafundi waliofika, na zege lililomwagwa, la nguzo ipi na kwa saa ngapi. Chini ya ukurasa msimamizi anatia sahihi. Ninyi mna simu zinazopiga picha na kuandika saa zenyewe. Sisi tulikuwa na sahihi peke yake, na maana yake ilikuwa moja: nilisimama hapa, nikaona kwa macho yangu. Zege likishafunikwa hakuna tena anayeweza kuliona, kwa hiyo mhandisi, mkandarasi na mwenye jengo wote huegemea ile sahihi.

Bwana Athman alinifundisha pia kuonja mchanga. Mchanga wa baharini una chumvi, na chumvi hula nondo ndani ya zege taratibu kwa miaka bila mtu kujua. Lori likifika unachota, unaweka ulimini, unatema. Nadhani katika kaunti hii nimeonja mchanga mwingi kuliko pilau. Alinifundisha na nyundo ndogo. Unagonga zege huku umefumba macho. Zege zima hujibu kwa mlio mkavu unaorudi hadi kwenye kifundo cha mkono. Zege lenye uwazi ndani husema "bu", kama mtu aliyeguna. Nilizoea kugonga kiasi kwamba hata kanisani kwetu nilikuwa nagonga nguzo, mpaka katekista akaniuliza kama kuna mtu namsubiri afungue.

Hivyo ndivyo nilivyohama meza ya kuchorea nikawa msimamizi wa saiti, na huko ndiko nilikofahamiana na Fundi Katana. Alikuwa fundi mkuu wa mkandarasi tuliyefanya naye kazi mara nyingi, Mgiriama kama mimi, mtu wa kwao bara ya Kilifi, mrefu, mwenye sauti ya kwaya. Akimwaga zege aliimba. Ni yeye aliyenionyesha kwamba ukiweka kiganja kwenye mbao zilizofunga nguzo wakati mashine ya kutikisia zege inafanya kazi, utahisi mtikisiko ukipanda kadiri zege linavyopanda, na ukikosa kuuhisi mahali, hapo pana tatizo. Alikuwa ananiita dada. Nilimwamini kuliko nilivyokuwa najiamini mwenyewe, na hilo nalo liandikeni kitabuni.

Sasa niseme habari ya chuo.

Kilikuwa chuo cha ufundi Kilifi, upande wa Kibarani. Jina sitalitaja, bado kinasomesha watoto wa watu. Tuliwachorea jengo la masomo: chini wazi, lenye nguzo kumi na mbili, ghorofa ya kwanza ukumbi mkubwa wa mihadhara, na juu yake madarasa. Bwana Athman aliupenda ule mchoro. Alitaka upepo upite chini na wanafunzi wapate kivuli.

Nguzo tisa niliziona zikimwagwa moja moja. Tatu za mwisho, zinazotazama uwanja wa mpira, zilipangiwa siku ya Jumatano. Asubuhi ile niliamka jino limevimba hata jicho halifunguki vizuri. Nikafika saiti, nikavumilia hadi saa nne, kisha Katana akaniambia, "Dada, nenda ukang'oe hilo jino. Utatuangukia hapa. Nguzo tatu hizi ni kazi ya kila siku."

Nikaenda. Foleni ilikuwa ndefu, na jino lilikatika likatolewa vipande vipande. Niliporudi ilikuwa saa tisa na nusu, mdomo umekufa ganzi, mate yananitoka bila kujua. Zege lilikuwa limeshamwagwa, mbao zimefungwa, mafundi wanaosha karai. Mashine ya kutikisia ilikuwa imelala pembeni na kifuniko chake kimefunguliwa. Niliiona. Nilitaka kuuliza imeharibika lini, lakini mdomo haukutamka, na nilitaka kwenda kulala. Nikafungua kitabu nikaandika nguzo tatu, zimemwagwa saa tano hadi saa nane, zimetikiswa vizuri. Nikatia sahihi.

Kulipopambazuka siku ya tatu walizifungua zile mbao. Nilipofika saa mbili, nguzo ya katikati ilikuwa tayari imepigwa plasta kiunoni kushuka chini. Zile mbili nyingine bado.

"Mbona hii mmeiwahi?" nikamuuliza Katana.

"Ilikwaruzika kidogo tulipotoa mbao. Nimeisawazisha."

Hakunitazama. Asubuhi ile hakuwa anaimba. Ningeweza kuchukua nyundo pale pale. Lakini kama ningegonga na ikasema "bu", ningeulizwa, nawe ulikuwa wapi? Nikapita nikaenda kuhesabu nondo za sakafu.

Jengo likapanda. Watu hudhani woga hupungua siku zikipita. Wangu ulikuwa unapanda pamoja na matofali. Kila lori la kokoto lililoingia nililihesabu kama mzigo juu ya nguzo ile. Nilianza kukwepa upande wa uwanja wa mpira. Nyumbani niliacha kula mezani na wanangu, nikawa nakula nimesimama jikoni. Mume wangu akaniuliza kama naumwa, nikasema ni jino. Jino lilikuwa limeng'olewa miezi saba iliyopita.

Kabla hatujakabidhi jengo rasmi, paa la bwalo la zamani la chuo liling'olewa na upepo, na mkuu wa chuo akaomba mitihani ifanyiwe kwenye ukumbi wetu mpya. Ofisi ikakubali. Kwenye karatasi hapakuwa na sababu ya kukataa, na hizo karatasi nilikuwa nimezijaza mimi.

Siku ya Alhamisi nilikwenda kuandika kasoro ndogo ndogo, vitasa na vioo na rangi. Juu wanafunzi walikuwa wanapanga madawati, wanayaburuta. Nikajikuta nimesimama mbele ya ile nguzo ya katikati. Kwenye plasta palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na kando yake doa la rangi ya chai. Ni kutu. Nikatoa nyundo. Nikagonga juu, ikajibu vizuri. Nikagonga kiunoni. Bu. Nikagonga chini zaidi. Bu. Dawati likaanguka huko juu, na nikahisi kishindo chake ndani ya nguzo, kwenye vidole vyangu.

Nikairudisha nyundo mfukoni. Kisha, na hili ndilo ninaloona aibu kuliko yote, nikaenda nyumbani. Ijumaa sikusema. Jumamosi sikusema. Jumapili nilikwenda kanisani nikaomba jengo lisimame, kama kwamba hiyo ilikuwa kazi ya Mungu na si yangu.

Jumatatu asubuhi nilifika chuoni mtihani umeshaanza. Wanafunzi mia moja na themanini walikuwa juu. Palikuwa kimya, na kimya kile kilinitisha kuliko kelele za madawati. Miguu ikanipeleka yenyewe kwa mkuu wa chuo. Alikuwa mtu mzima mpole, akinywa chai.

"Mwalimu, watoe wanafunzi ukumbini," nikamwambia. "Nguzo moja chini ina uwazi ndani. Nimeigonga."

Akaweka kikombe. "Umeigonga lini?"

"Alhamisi."

"Na leo ni Jumatatu."

"Ndiyo."

Hakupiga kelele. Alinitazama tu kwa muda, na naona ule ulikuwa mtazamo mzito kuliko wote niliopata kazini. "Na kama umekosea? Huu ni mtihani wao wa mwisho."

"Nikikosea nifukuzeni. Lakini si wakati wako juu."

Akasimama. Alinyanyua simu, akampigia Bwana Athman Malindi, akasema maneno matatu manne, akakata. Kisha akaniambia, "Twende. Lakini zungumza wewe. Mimi nikizungumza watajua kuna hatari."

Kulikuwa na jambo nililolielewa tulipokuwa tunapanda ngazi, na lilinifanya nisimame katikati yake nikishika ukuta. Nikiingia na kusema tokeni, vijana mia moja na themanini watakimbia kwa pamoja. Miguu yao yote itapiga sakafu ile kwa wakati mmoja, juu ya nguzo ile. Huenda imebeba jengo miezi yote hii, ikashindwa na hofu yao dakika hii.

Niliingia nikiwa natabasamu. Sijui tabasamu lile lilitoka wapi.

"Habari za asubuhi. Samahanini sana kwa kuwasumbua. Kuna ukaguzi tunaufanya, na mtamalizia mtihani mahali pengine. Acheni kila kitu mezani. Nitataja safu, na safu nitakayoitaja itasimama polepole, itembee kwa ngazi za nyuma. Msivute viti. Walioko upande wa uwanja wa mpira, nyinyi kwanza."

Msimamizi wa mtihani, mama mmoja mwenye miwani, akafungua mdomo kupinga. Mkuu wa chuo akamshika mkono, naye akafunga mdomo. Safu ya kwanza ikasimama. Walikuwa wanapita kando yangu, wengine wanacheka kwa kuwa mtihani umekatizwa, mmoja ananong'ona kwamba swali la nne lilikuwa gumu. Niliwatazama miguu yao tu. Safu ya pili. Safu ya tatu. Katika safu ya tano kijana mmoja alinaswa na begi kwenye mguu wa kiti, kiti kikaanguka. Paa! Wote wakaganda walipokuwa. Vumbi kidogo la chokaa likashuka kutoka darini, nikaliona likitua juu ya karatasi nyeupe. Nilihesabu kimoyomoyo hadi kumi. Hakuna kilichosogea.

"Endeleeni," nikasema. "Taratibu."

Ilichukua dakika kumi na nne kwa saa ya ukutani. Aliyetoka mwisho kabla yangu alikuwa msimamizi wa mtihani, na yeye alikuwa ameshaelewa, maana alivua viatu akavibeba mkononi.

Bwana Athman alifika baada ya saa moja na nusu, na mafundi wameanza kusimamisha nguzo za chuma chini ya sakafu ile. Nilikuwa nimempigia mkandarasi, na Katana alikuja nao. Mimi nilikuwa nimeshika tindo na nyundo kubwa, nimesimama mbele ya nguzo, siwezi kuinua mkono. Katana akanijia.

"Nipe mimi, dada," akasema. "Najua pa kupiga."

Akapiga mara tatu. Plasta ikaanguka kama ganda. Nyuma yake palikuwa na karatasi ya mfuko wa saruji, imekunjwakunjwa, kavu, maandishi bado yanasomeka. Akaivuta. Ikafuata ya pili. Nyuma ya karatasi kokoto zilikuwa zimekaa zenyewe bila saruji, matundu matundu kama sega la nyuki, na nondo katikati zimevaa kutu. Mkono wangu uliingia hadi kiwiko. Zile nguzo mbili za pembeni tulizifungua pia, nazo zilikuwa nzima.

"Mashine iliharibika," Katana akasema, akimwambia Bwana Athman lakini akinitazama mimi. "Tulishindilia kwa mti. Asubuhi nilipoona lile shimo, mkandarasi alikuwa ameshasema atakayesababisha nguzo ivunjwe aende kwao. Nina watoto sita, Bwana. Nikasema dada Kadzo akiuliza nitamwambia." Akaikunja ile karatasi kiganjani. "Hakuuliza."

Bwana Athman akafungua kitabu cha saiti kwenye ukurasa ule. Akanionyesha kwa kidole. "Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo, Bwana. Nilikuwa nimekwenda kung'oa jino."

Alikaa juu ya fungu la matofali. Nilimwona amezeeka ghafla, mabega yameanguka. Nilisubiri aniambie nitoke ofisini kwake. Badala yake akatoa kalamu kwenye ule mfuko wa shati, akachana karatasi nyuma ya kitabu, akanipa.

"Waandikie bodi ya chuo. Andika kila kitu, pamoja na jino. Kwa mkono wako, si kwa mashine ya ofisi. Nitatia sahihi yangu chini ya yako."

Niliandika nikiwa nimekaa kando yake, machozi yanadondoka kwenye karatasi, naye hakunihurumia wala hakunikemea. Alisahihisha tu mahali nilipoandika "makosa yalitokea". Alikata, akaandika juu yake, "nilikosea".

Nguzo ile ilivishwa zege jipya na nondo mpya kuizunguka, kwa gharama ya ofisi yetu na ya mkandarasi, na jengo limesimama hadi leo. Wanafunzi walimalizia mtihani wao kwenye kanisa la jirani. Katana alifukuzwa. Alihamia Mtwapa akawa anajenga nyumba za kupangisha, na nilipokwenda kumwomba radhi alinikaribisha chai, tukazungumzia mvua. Mimi nilirudishwa kwenye meza ya kuchorea miaka miwili. Hakuna aliyenisema. Lakini kila ramani niliyochora ilikaguliwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa amejiunga juzi. Kisha asubuhi moja Bwana Athman aliweka funguo za gari la saiti juu ya karatasi yangu akasema, "Mariakani kuna soko. Wanamwaga kesho." Nilikwenda. Nimekuwa saiti tangu hapo, na hakuna nguzo iliyomwagwa nikiwa mbali. Nimesimama kwenye mvua na homa, na mara moja siku ya harusi ya dada yangu, na dada yangu hajanisamehe.

Bwana Athman alifariki miaka sita iliyopita baada ya kuugua muda mrefu, na Zainab, binti yake, akashika ofisi.

Hapa ningeweza kumaliza, na kwa muda mrefu hapa ndipo nilipomalizia kila nilipowasimulia wasimamizi wapya. Lakini kuna jambo sikuwahi kulisimulia. Siku ile pale kwenye matofali, nilipokwisha kuandika barua, Bwana Athman aliniuliza, "Kuna nyingine uliyoitia sahihi bila kuiona?" Nikamjibu, "Hakuna."

Ilikuwepo. Mwaka mmoja kabla ya chuo tulijenga zahanati huko bara. Siku waliyomwaga boriti ya zege juu ya chumba cha kujifungulia, mto ulifurika ukakata barabara, nami nikajaza kitabu kesho yake kwa maneno aliyonipa fundi wa huko kwa simu. Nilipomjibu Bwana Athman hakuna, nilikuwa nimeona uso wake, nikaogopa kuuongezea huzuni. Baadaye niliogopa kwa kuwa sikuwa nimesema mapema. Baadaye zaidi alikufa. Kwa miaka kumi na minane kina mama wamezalia chini ya boriti ile, nami kila nikisoma habari za jengo lililoanguka mahali popote nchini, nilikuwa natafuta kwanza jina la zahanati ile.

Wiki mbili kabla ya kustaafu niliingia kwa Zainab nikafunga mlango.

"Shikamoo, Bi. Kadzo. Mbona umekonda uso?"

"Marahaba, mwanangu. Nina jambo nilimdanganya baba yako."

Akasikiliza hadi mwisho. Alichukua funguo na kofia mbili za saiti, akaniambia nibebe nyundo na tindo, tukaondoka saa ile ile. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba nikikuta karatasi za saruji mle ndani, sijui nitarudi vipi kwangu, sijui nitawatazama vipi wanangu.

Tulipofika, Zainab alizungumza na nesi mkuu. Kulikuwa na kina mama watatu, mmoja na mtoto wa siku mbili. Tukawatoa kwa vitanda vyao hadi kwenye veranda, kwa upole, na nikajisikia natabasamu lile tabasamu tena. Nikapanda ngazi. Nikagonga boriti kutoka mwisho hadi mwisho, macho nimeyafumba, kisha nikarudia. Ilijibu vizuri kote. Sikuiamini mikono yangu. Nikamwomba Zainab tuifungue mahali patatu. Tukaifungua. Zege lilikuwa gumu hadi tindo likaruka, nondo safi, idadi yake sawasawa na ramani. Fundi niliyemwamini kwa simu alikuwa amefanya kazi yake.

Nilishuka nikakaa sakafuni, mgongo ukutani, vumbi la zege limenijaa kichwani. Nilidhani nitafurahi. Nilitetemeka tu, kama siku ile ya viatu vya kanisani, na Zainab akakaa kando yangu hadi nilipotulia.

Nesi akachungulia mlangoni. "Kwa hivyo chumba ni salama?"

Zainab akanigeukia, akasubiri mimi ndiye nijibu.

"Ni salama," nikasema. "Boriti nimeiona kwa macho yangu."

Tukaziba yale matundu matatu, tukafagia, tukaanza kurudisha vitanda ndani. Yule mama wa mtoto wa siku mbili alikuwa wa mwisho. Nilishika kitanda chake upande wa kichwani, nikatembea kinyumenyume hadi chini ya boriti, nikakiweka pale.